Kitabu Kilichofungiwa, Mkononi mwa Kijana: Mwongozo kwa Wanaogawa Vitabu Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayetaka kuwapatia vijana wa kati ya miaka 13 na 17, hasa wa mitaa kama Ziwa la Ng'ombe, Bangladesh, Owino Uhuru na Mtongwe, vitabu ambavyo viliwahi kufungiwa na serikali, kuondolewa shuleni au kulalamikiwa na wazazi. Nimeuandika kwa kuzingatia jambo moja nililojifunza kwa kukosea, nalo ni kwamba kitabu kikizua kelele, anayeulizwa kwanza si aliyekitoa bali ni mtoto aliyekutwa nacho. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa msichana mmoja wa Kisauni riwaya kwa nia njema kabisa, bila kwenda kupiga hodi kwao. Mjombake akaifungua katikati, penye ukurasa mzito kuliko zote, na jioni hiyo msichana akasimamishwa mbele ya watu wa nyumba nzima ajieleze, ilhali mimi niliyempa nilikuwa kwangu nikinywa chai. Hatua zote zilizomo humu zinalenga kumtua mtoto mzigo huo na kumtwika mtu mzima anayeweza kuubeba.

Hatua ya kwanza: jua ni nani aliyekizuia

Neno marufuku limebebeshwa mambo mengi yasiyofanana, na anayegawa vitabu hana budi kuyatenganisha kabla ya kununua nakala hata moja. Aina ya kwanza ni marufuku ya dola. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, humpa waziri uwezo wa kutangaza kwamba chapisho fulani haliruhusiwi nchini, na likishatangazwa hivyo, kuliuza, kuligawa au hata kukutwa nalo huwa ni kosa. Maandishi ya Mao Zedong yalifungiwa kwa njia hiyo katika miaka ya 1960. Kitabu ambacho tangazo lake bado lina nguvu kisikaribie mkoba wako, kwa kuwa mapenzi yako ya uhuru wa kusoma hayakupi ruhusa ya kumtwisha mtoto wa miaka 14 kosa la jinai. Kifungu cha 181 cha sheria hiyohiyo kinakataza kusambaza machapisho machafu, na ijapokuwa riwaya yenye ukurasa mmoja wa mapenzi si chapisho chafu, ni vyema ujue kwamba anayetaka kukushtaki atakitaja kifungu hicho.

Hata hivyo, ukiifuatilia historia yetu utaona kwamba dola ya Kenya imezoea kumfunga mwandishi kuliko kukifunga kitabu chake. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika karatasi ya kisiasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, na kwa ajili yake akatumikia kifungo cha miaka 3. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, ilisimamishwa mwaka 1977 huko Kamirithu, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Mwezi wa Mei 2022 tamthilia hiyohiyo ilichezwa jukwaani Nairobi, watu wakakata tiketi. Riwaya ya Matigari, ya Ngũgĩ wa Thiong'o huyohuyo, ilitoka mwaka 1986 na mwaka uliofuata polisi wakazoa nakala zake. Kitabu, basi, kinaweza kuwa na historia ya kutisha na hata hivyo kikawa halali kabisa kumpa mtoto leo.

Aina ya pili ni zuio la shule. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya huidhinisha vitabu vya kufundishia, na walimu wengi, kwa kuogopa lawama, hukichukulia kitabu kisichokuwa katika orodha yake kana kwamba kimeharamishwa, ilhali hakijaidhinishwa tu kufundishiwa. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi mwezi wa Februari 2023, wizara yao ya elimu ilipoviondoa shuleni vitabu kadhaa vya watoto, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja kwamba havikuendana na maadili. Agizo hilo halina nguvu upande huu wa mpaka wa Lungalunga, lakini familia nyingi za Mombasa zina ndugu Tanga na Unguja, na habari husafiri haraka kuliko basi, kwa hivyo usishangae mzazi akikuambia kwamba kitabu chako kimefungiwa wakati ambapo Kenya hakuna aliyekigusa.

Aina ya tatu ni kupingwa, yaani mtu au kikundi kuandika malalamiko rasmi kikitaka kitabu kiondolewe kwenye maktaba au darasani. Tofauti hii imepigiwa mstari zaidi na wakutubi wa Marekani, ambao tangu mwaka 1982 wana wiki maalumu ya kuvikumbuka vitabu vilivyofungiwa na vilivyopingwa. Orodha zao zinasaidia, ila zimezaliwa na ugomvi wao wenyewe. The Bluest Eye ya Toni Morrison inapingwa tena na tena katika majimbo ya kwao, na hapa Mombasa mzazi wa Likoni hajawahi kuisikia. Kuichukua orodha ya watu na kuibandika Kisauni ni kuagiza kesi isiyokuhusu, ilhali za kwetu hazijaisha.

Kwa kila kitabu unachokusudia kukitoa, andika kadi yenye majibu ya maswali manne: ni nani aliyekizuia, mwaka gani, kwa sababu gani, na je, zuio hilo lingalipo? Ukishindwa kuijaza kadi, hujawa tayari kukitoa kitabu. Nyongeza moja ndogo: marufuku ya filamu si marufuku ya kitabu, kwa kuwa bodi inayoainisha filamu nchini haina mamlaka juu ya riwaya, ingawa wengi huvichanganya viwili hivyo.

Hatua ya pili: mjue msomaji kabla ya kumchagulia

Usianze na kitabu unachokipenda wewe. Uliza kwanza kijana anasoma lugha gani bila kuchoka, kwa maana wengi wa vijana hawa hufaulu mtihani wa Kiingereza na bado hawawezi kumaliza riwaya ya kurasa 300 ya lugha hiyo. Uliza analala wapi na anasoma saa ngapi. Kwenye chumba kimoja cha watu sita, chenye taa moja inayozimika tokeni zikiisha, hakuna kitu kinachoitwa kusoma kwa faragha, na kila jalada huonwa na kila mtu. Msichana anayechota maji, kupika na kulea wadogo zake ana nusu saa usiku, na mvulana anayesaidia kusukuma mkokoteni katika soko la Kongowea huenda ana Jumapili peke yake. Kitabu chembamba si dharau kwao.

Hatua ya tatu: kisome chote wewe mwenyewe

Kanuni hii haina ruhusa ya kuikwepa. Hutoi kitabu ambacho hujakisoma kutoka jalada hadi jalada, kwa sababu siku utakapoulizwa kuhusu ukurasa wa 112 utalazimika kujibu wewe, na ukibabaika, atakayeumia ni mtoto. Unaposoma, andika kurasa zenye mambo mazito: matusi, ngono, mauaji, kujiua, dhihaka ya dini. Orodha hiyo si ya kumtisha mtu, bali ndiyo utakayoibeba kwenye hatua inayofuata.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Ni fupi, ni ya Kiswahili, na haina ukurasa wa kumfanya bibi akohoe. Historia yake ya kuzuiwa nayo inatugusa sisi wenyewe, kwani igizo lililotokana na kitabu cha George Orwell lilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1991, wakati ambapo nguruwe wanaojigawia maziwa na matufaha walifanana mno na watu waliokuwa wakitajwa kwa kunong'ona. Kijana wa miaka 13 huifurahia kama hadithi ya wanyama, na wa miaka 17 huanza kuhesabu nguruwe anaowajua.

Sauti ya Dhiki ndicho kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, ingawa nakiri kwamba ni kigumu. Kimetungwa kwa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, na hapo ndipo penye bahati ambayo mgawaji wa Nairobi hana: mtoto wa Kibokoni au wa Kuze asiyeelewa neno humwendea bibi yake, na bibi ambaye hajawahi kuulizwa lolote kuhusu masomo ya shule hujikuta ndiye mwalimu. Nimeona kitabu hiki kikisomwa kwa sauti kwenye ukumbi wa nyumba na watu wa vizazi vitatu. Kwa kijana wa Jomvu au Changamwe aliyekulia Kiswahili cha bara, mpe mashairi mawili kwanza, umsomee na kumfafanulia, halafu umwache aamue kama anakitaka kitabu kizima. Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda, inafaa zaidi kwa kikundi kwa kuwa tamthilia hupendeza ikigawanywa sauti, na mgogoro wake wa shamba linalochukuliwa kwa hila hauhitaji maelezo kwa watoto wa Pwani ambao wazazi wao wanaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania, na baadaye ikarudi ikawa inasomwa na kuchambuliwa. Inamhusu binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali mlevi, na humo mna unyanyasaji wa kingono, utoaji mimba na kujiua. Mimi huitoa kwa walio na miaka 16 na kuendelea, baada ya mlezi kuambiwa hayo matatu kwa maneno yenyewe, na sharti niwe na uhakika kwamba nitaonana na msomaji tena ndani ya wiki mbili. Anayeona kwamba umri huo ni mkubwa mno ana hoja, kwa kuwa wapo wasichana wa miaka 14 waliokwisha kupitia yaliyomo kitabuni. Lakini hao ndio hasa wasiostahili kuachwa peke yao na ukurasa wa mwisho.

Katika vya Kiingereza, The Hate U Give ya Angie Thomas, ya mwaka 2017, hupingwa Marekani kwa sababu ya matusi na kwa jinsi inavyowaonyesha polisi. Vijana wa Majengo huielewa haraka mno, ila Kiingereza chake cha mtaani kinawapiga chenga, kwa hivyo kisomeni pamoja sura tatu za mwanzo.

Hatua ya nne: piga hodi kwa watu wazima

Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Anza na mlezi. Watoto wengi unaowakusudia wanalelewa na bibi, shangazi au dada mkubwa, na baadhi ya walezi hao hawasomi, au husoma Kurani tukufu bila kusoma barua ya ofisi, kwa hivyo karatasi ya idhini pekee haina maana. Nenda mwenyewe. Wakati unaofaa ni baada ya Alasiri, si Ijumaa adhuhuri, wala si jioni za Ramadhani wakati jiko linapohangaikia futari. Mwanamume anayekwenda kumwona mama wa msichana aandamane na mwanamke anayejulikana mtaani. Toa salamu kamili, vua viatu, kubali chai, na usitoe kitabu mkobani mpaka uulizwe kilichokuleta.

Kisha sema yote. Taja jina la kitabu, simulia hadithi yake kwa dakika tano, eleza ni nani aliyekizuia na kwa nini, halafu ufungue kurasa ulizoziandika na kumsomea mlezi ule ukurasa mbaya kuliko zote. Wengi hushangaa kwamba nalipendekeza jambo hili, lakini mlezi aliyeusikia ukurasa mzito kutoka kinywani mwako, akiwa ametulia na kikombe mkononi, hawezi kushtuliwa nao na mtu mwingine, na mara nyingi huanza kukusimulia mambo makubwa kuliko yaliyoandikwa. Akikataa, mshukuru na umwonyeshe kitabu kingine. Kukataa kwake si ujinga. Mama anayeuliza mwanawe anasoma nini anafanya kazi yake, na heri yeye kuliko asiyeuliza.

Mwambie mtoto kwamba umeongea na kwao. Wapo wagawaji wanaoamini kwamba kijana ana haki ya kusoma bila mzazi kujua, nao hutaja Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinacholinda uhuru wa kutafuta na kupokea habari. Haki hiyo ninaiheshimu, ila Kifungu cha 53 nacho kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na katika chumba cha watu sita siri haidumu hata siku tatu. Kwa vitabu ambavyo mada yake yenyewe inaweza kumfanya kijana afukuzwe nyumbani au apigwe, kama vile vinavyozungumzia mapenzi ya watu wa jinsia moja, usimpe akibebe. Mahali pake ni rafu ya mtu mzima anayeaminika, ambako msomaji atakwenda, atasoma na atatoka mikono mitupu.

Baada ya mlezi, mwendee mwenye mamlaka ya mtaa. Tangu Novemba 2014, polisi walipovamia na kufunga misikiti kadhaa Majengo na Kisauni, mtu mgeni anayewakusanya vijana na kuwagawia maandishi hutiliwa shaka na serikali na wenyeji kwa pamoja, kila upande kwa sababu yake. Mpelekee chifu barua yenye orodha ya vitabu, mahali pa kukutania na majina ya watu wazima wanaohusika, uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na umjulishe mzee wa mtaa kwa mdomo. Mahali pa kukutania pawe na mlango ulio wazi. Maalimu wa madrasa na mchungaji wa karibu wapewe kitabu wakisome kabla ya watoto, si kwa kuomba ruhusa yao bali kwa sababu ndio watakaoulizwa na waumini. Nimewahi kupingwa na maalimu kwa kitabu kimoja kati ya vinne. Nilikiondoa kile kimoja kwenye kikundi chake, na vile vitatu akavitetea mwenyewe barazani bila mimi kuwepo.

Shuleni, mwone mwalimu mkuu na umweleze waziwazi kwamba vitabu si vya kufundishia. Akikataa visiingie maktabani mwake, usimzunguke kwa kumpitishia mwalimu kijana anayekubaliana nawe, kwa sababu mwalimu huyo ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza. Kwa makao ya watoto, idhini hutoka kwa msimamizi, naye afisa wa watoto ajulishwe. Na kwa wavulana walioko Shimo la Tewa katika taasisi ya kurekebishia tabia, peleka orodha ya vitabu kwa mkuu wa kituo kwa maandishi na usubiri jibu kwa maandishi.

Kuhusu majina ya watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuhifadhi habari za mtoto. Andika jina moja, umri na simu ya mlezi, basi.

Hatua ya tano: tafuta nakala

Vitabu ni ghali, na Sheria ya Ushuru wa Ongezeko la Thamani ya 2013 ilipoviingiza kwenye kodi ya asilimia 16 haikumsaidia yeyote. Pita kwanza kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, kisha uwaulize wachapishaji kama wana nakala zenye jalada lililochubuka ambazo wanaziuza kwa bei ya kutupa. Usikifotokopi kitabu kizima. Ni kuiba haki ya mwandishi, na ni aibu kumheshimu mtu aliyefungwa kwa ajili ya maneno yake kwa kumnyima malipo yake. Maktaba ya taifa iliyopo Mombasa inaweza kuwa na nakala moja ya kusomea palepale, jambo linalowafaa wale wasioweza kusomea nyumbani.

Nunua nakala tatu za kitabu kimoja badala ya vitabu vitatu tofauti, ili msomaji awe na wa kuzungumza naye. Kila nakala ivalishwe karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, kwa sababu ya unyevu wa bahari, mende, na mvua za masika zinazopenya kwenye mabati yenye matundu. Liandike jina la kitabu juu ya kaki kwa herufi zinazosomeka, kwa kuwa jalada hilo ni la kukilinda kitabu, si la kukificha. Vibebe katika kikapu au mkoba wa kitambaa, maana mfuko wa plastiki ndio uliopigwa marufuku kwelikweli nchini tangu Agosti 2017.

Hatua ya sita: kitoe bila sherehe

Siku ya kutoa, weka vitabu vitatu mezani na umwache kijana achague kimoja au asichague chochote. Usitumie neno marufuku kama chambo. Wavulana hasa hulikimbilia, wakakipekua kitabu wakitafuta kilichofichwa, na wasipokipata wakakitupa baada ya kurasa 20 za mwanzo. Simulia hadithi inaanzaje, taja mwandishi alikuwa nani na alitokea wapi, kisha unyamaze. Habari za kufungiwa kwake zinanoga zaidi baada ya kusomwa, wakati msomaji mwenyewe ana la kuuliza.

Picha zisipigwe. Najua wafadhili wanazipenda, na najua kwamba picha ya mtoto anayetabasamu na kitabu huleta vitabu vingine kumi, lakini picha ya mtoto anayetambulika akiwa na kitabu ulichokitangaza kuwa kilifungiwa haitoki tena kwenye intaneti, na wewe hutakuwepo siku ile atakapohitaji kuielezea. Wapigie picha vitabu vikiwa vimepangwa mezani.

Amua mapema kama kitabu ni zawadi au ni cha kuazima, na umwambie. Mimi hutoa zawadi, kwa sababu wengi wa vijana hawa hawajawahi kumiliki kitabu kisicho cha mtihani, na anayemiliki huandika pembeni. Baadhi huviuza. Kitabu kilichouzwa Kongowea kwa bei ya mkate na maziwa kimemlisha mmoja na kumfikia mwingine, na sioni haja ya kumwita mtu kikaoni kwa ajili hiyo.

Hatua ya saba: rudi mzungumze

Kitabu chenye mambo mazito hakitolewi mara moja kikaachwa. Kutaneni ndani ya wiki mbili, wavulana na wasichana wakiwa pamoja ikiwa walezi wameridhia, na kama hawakuridhia, siku tofauti. Baraza la nje ya nyumba, ambalo wavulana wa Mji wa Kale hulichukulia kuwa lao, halifai kwa wasichana, kwa hivyo tafuta ukumbi au chumba cha darasa. Swali ambalo halijawahi kunikosesha mjadala ni hili: ungekuwa wewe ndiye waziri, au ndiye baba wa mtoto wa miaka 10, ungekifungia? Wengine husema ndiyo, na wana sababu. Usiwashinde. Aliyekisoma kitabu na bado akaona kinafaa kufungiwa amekifanyia haki kuliko yule aliyekifungia bila kukisoma.

Jiandae pia kwa jambo ambalo halihusu fasihi. Msomaji wa Rosa Mistika anaweza kubaki chumbani wengine wakishatoka, akakuambia kwamba yaliyompata Rosa yamempata yeye. Msikilize, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, usimhoji kama polisi, na usiende kumkabili mtuhumiwa. Simu ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo pamoja na dawati la jinsia katika kituo cha polisi ndio wa kuarifiwa. Ukiona kwamba huwezi kuifanya kazi hiyo, vitoe vitabu vya nguruwe na mashairi, na vile vingine uwaachie wenye uwezo nayo.

Hatua ya nane: pokea malalamiko

Yatakuja, hata ukifanya yote yaliyotangulia. Akifika mlalamikaji, mkaribishe, mwache amalize, halafu umuulize kwa upole kama amekisoma kitabu au amesomewa ukurasa. Mpe nakala na kadi yake. Kama ni mzazi anayetaka mwanawe arudishe kitabu, kipokee siku hiyohiyo bila ubishi, na umwambie mtoto mbele ya mzazi kwamba hakufanya kosa lolote na kwamba kitabu kilitoka kwako. Sentensi hiyo isemwe kwa sauti, kwa kuwa ndiyo iliyokosekana kwenye nyumba ile ya Kisauni.

Kama anataka kitabu kiondolewe kwa watoto wote, mweleze kwamba mzazi ana kauli juu ya mwanawe, si juu ya mwana wa jirani ambaye mamake amekubali. Mwombe aandike malalamiko yake, hata kwa mistari mitatu, na umjibu kwa maandishi ndani ya wiki moja baada ya kuwashirikisha walezi wengine. Akija polisi au askari wa kaunti, toa orodha, barua iliyogongwa muhuri kwa chifu na idhini za walezi, na usianze kubishana juu ya Katiba barabarani watoto wakiwa wamesimama. Waage watoto kwanza waende makwao, mjadala uendelee nanyi watu wazima peke yenu.

Kitabu kilichorudishwa kitazamwe kama kimechanika, kibandikwe, tarehe na sababu ya kurudishwa ziandikwe kwenye kadi yake, kisha kiwekwe rafuni. Kikirudishwa mara tatu kwa sababu ileile, kisome upya kabla ya kumpa mtu wa nne.